Tamasha gani mwende na watoto? Anzeni na asiye na nguvu

Bukoba/Muleba. Kikundi chao cha vikoba kilipogawana fedha mwanzoni mwa mwaka huu, mama mmoja mkazi wa Kashai, Manispaa ya Bukoba, alirudi nyumbani na Sh950,000. Zilikuwa fedha za ahadi ya miaka mitatu: familia nzima isafiri mara moja bila msiba wala harusi, iende tu kuona ngoma.

Mumewe, ambaye ni fundi pikipiki, aliunga mkono. Watoto watatu walishangilia. Binti mkubwa, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, alikuwa ameshaona kwenye simu video za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika Makunduchi, Kusini Unguja, ambako wanaume wa pande mbili za kijiji hupigana kwa migomba huku wanawake wakiimba. Kwa mtoto wa Kihaya, aliyezoea kuuona mgomba shambani na ndizi mezani, kuona watu wazima wakichapana nao lilikuwa jambo la kucheka hadi machozi.

Ndani ya wiki moja ikakubaliwa kwamba safari ni Zanzibar, mwezi Julai. Likabaki swali moja ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Mtoto wa mwisho, wa kiume, ana miaka saba na ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Je, ataweza?

Jibu lililopatikana haraka lilikuwa kumwacha kwa bibi yake Kamachumu, wilayani Muleba.

Jumamosi moja wazazi walipanda Kamachumu kumweleza bibi. Hakukataa. Alisema atakaa na mjukuu wake kama alivyokaa naye siku zote. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Lakini niambie, mwanangu. Mmechagua tamasha kwanza ndipo mkahesabu watoto, au mmehesabu watoto kwanza?"

Mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni, ana ndizi mbivu mkononi. Hakusema kitu mpaka waliporudi nyumbani. Usiku, wakati wa kunywa dawa, alimuuliza mama yake: "Kwani Zanzibar hawaruhusu wenye selimundu?"

Mama huyo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe ili kumlinda mtoto, anasema usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia mumewe waanze upya.

Kliniki ilisema nini

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea vinasaba vya ugonjwa huo kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe si wagonjwa. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo na laini, hukakamaa na kupinda mithili ya mundu. Zikinasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri na mtoto hupata maumivu makali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na mikoa ya Kanda ya Ziwa, Kagera ikiwamo, ina sehemu kubwa ya watoto hao.

Wazazi wengi wa watoto hawa huamini kuwa safari ni marufuku. Si kweli. Mtoto ambaye hali yake imetulia, anayehudhuria kliniki na kunywa dawa zake, anaweza kusafiri. Kinachomwangusha si kilomita. Ni mambo yanayoandamana nazo: kukosa maji mwilini, baridi, kuchoka kupita kiasi, kukosa usingizi na maambukizi, hasa malaria.

Mama huyo alipopeleka suala lake kliniki, hakuambiwa "nenda" wala "usiende". Aliulizwa maswali. Mtakaa njiani saa ngapi bila kupumzika? Mtasafiri mchana au usiku? Mtalala wapi, na kuna chandarua? Hospitali yenye wataalamu wa watoto iko umbali gani na uwanja wa tamasha? Siku mtakayofika, mtoto atapumzika au ataunganishwa moja kwa moja kwenye ngoma?

Kwa Zanzibar, hakuwa na jibu zuri hata moja. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,400, safari ya basi ya mchana na usiku. Kisha kuna boti ya kuvuka bahari na gari la kwenda Makunduchi, upande wa pili wa kisiwa. Ndege ingefupisha njia, lakini fedha za vikoba zisingefika hata uwanjani. Nauli za basi peke yake, kwa watu watano kwenda na kurudi, zilikuwa zinakula karibu kiasi chote.

Wakaitandaza kalenda mezani

Kosa la familia hii ni la familia nyingi. Tamasha huchaguliwa kwa picha: jukwaa zuri, bahari ya bluu, jirani aliyekwenda mwaka jana. Mambo mengine hulazimishwa yafuate. Safari hii wazazi walichukua kalenda ya shule na kuorodhesha matamasha wanayoyajua, moja baada ya jingine.

*Sauti za Busara, Zanzibar.* Lilianza mwaka 2004 na hukusanya wanamuziki wa Afrika Mji Mkongwe kila Februari. Ni tamasha kubwa la muziki, lakini Februari shule zimefunguliwa, na sehemu kubwa ya maonyesho hufanyika jioni na usiku. Linawafaa zaidi vijana na watu wazima kuliko mtoto wa miaka saba anayetakiwa kulala mapema.

*Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF.* Limekuwapo tangu mwaka 1998 na aghalabu hufanyika katikati ya mwaka. Tarehe zake hubadilika, hivyo mzazi asikate tiketi kwa kukumbuka tarehe za mwaka uliopita.

*Mwaka Kogwa, Makunduchi.* Hufanyika Julai. Uzuri wake ni kwamba ni sherehe ya mchana, ni ya wenyeji wenyewe, na mila ya siku hiyo inataka kila nyumba iwe na mgeni wa kulishwa. Kwa familia ya Dar es Salaam au Tanga huenda likawa chaguo la kwanza. Kwa familia ya Bukoba yenye mtoto mgonjwa, njia ndiyo tatizo.

*Tamasha la Bagamoyo.* Huandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyokuwa ikiitwa Chuo cha Sanaa. Limeanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mara nyingi huangukia miezi ya mwisho wa mwaka. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne, kidato cha pili au cha nne afikirie mara mbili, kwa sababu ni msimu wa mitihani ya taifa.

*Sherehe za falme za Uganda.* Kwa watu wa Kagera hizi ziko karibu kuliko wengi wanavyodhani, kwa njia na kwa utamaduni. Kutoka Bukoba hadi Kampala kupitia Mutukula ni takriban kilomita 300, pungufu ya safari ya Mwanza. Buganda huadhimisha kutawazwa kwa Kabaka Julai 31, na Bunyoro huadhimisha Empango Juni 11. Mtoto wa Kihaya atasikia maneno anayoyaelewa na kuona ngoma zinazofanana na za kwao. Ila kuvuka mpaka kunataka hati za kusafiria kwa kila mmoja, watoto wakiwamo, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imefanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo si jambo la kushughulikia asubuhi ya safari. Ukishaipata, cheti ni cha maisha.

*Ijuka Omuka, Bukoba.* Maana yake ni "kumbuka nyumbani". Hili ni tamasha la hapa hapa, la Desemba, linalowaita wana Kagera walioko mbali kurudi. Halina nauli wala gharama ya kulala, na kwa mtoto ambaye hali yake bado haijatulia ndilo pa kuanzia. Familia hii imeliweka kwenye orodha yake ya Desemba.

*Bulabo, Bujora.* Hili ndilo lililobaki mezani.

Kwa nini Bujora

Bulabo ni tamasha la ngoma za Wasukuma linalofanyika Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza. Neno lenyewe lina maana ya maua. Tamasha linaambatana na sherehe ya Ekaristi Takatifu ya Kanisa Katoliki, na hapo Bujora ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na padri kutoka Canada, David Clement, pamoja na wenyeji.

Tarehe yake haihitaji kubahatisha. Sherehe hiyo huhesabiwa kutoka Pasaka, na Alhamisi yake huangukia siku ya 60. Kwa kuwa Pasaka ya mwaka 2026 ni Aprili 5, Alhamisi hiyo ni Juni 4, na kwa wanaoiadhimisha Jumapili ni Juni 7. Shughuli za ngoma huendelea baada ya hapo, na ni kipindi kinachokaribiana na likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Ratiba kamili mzazi aulizie Bujora kwenyewe kabla ya kulipa nauli.

Kingine kilichowavutia ni namna ngoma zenyewe zinavyochezwa. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Vikundi vya pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji humkimbilia yule anayewapendeza. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jopo la majaji wala viti vya mbele vya wakubwa. Mtoto wa miaka saba, akihama upande mmoja kwenda mwingine, naye amepiga kura.

Kuna ngoma ya majembe, Bugobogobo, ambayo ilitokana na kazi ya pamoja shambani. Kuna wachezaji wa nyoka, ambao huingia uwanjani na chatu. Kuna Bununguli, jamii ya wawindaji wa nungunungu. Na yote haya hufanyika mchana, kwenye uwanja wa wazi, ambako mtoto aliyechoka anaweza kuondolewa, akakaa kivulini na kurudi bila kukanyaga miguu ya watu.

Zaidi ya hayo, Mwanza kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, yenye madaktari bingwa wa watoto. Kwa mama wa mtoto mwenye selimundu, hilo lilikuwa na uzito kuliko ngoma zote.

Barabara au meli?

Kutoka Bukoba kwenda Mwanza kuna njia tatu: ndege, meli na barabara. Ndege iliondolewa kwa sababu ya gharama.

Meli ya MV New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, ilirejea katika njia hiyo mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Watu wengi huipenda kwa sababu mtu hulala Bukoba akaamka Mwanza. Baba alikuwa upande wa meli: watoto wangelala, na siku moja ingeokolewa. Lakini safari yake ni ya usiku, na upepo wa ziwa mwezi Juni ni wa baridi. Baridi kwa mtoto mwenye selimundu hubana mishipa ya damu na huweza kuanzisha maumivu. Wazazi wanaochagua meli si kwamba wanakosea, ila wahakikishe nafasi ya ndani yenye kitanda, soksi, kofia na blanketi.

Basi la mchana lilishinda, tena kwa sababu ambayo miaka michache iliyopita isingekuwapo. Safari ya barabara ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Muleba, Biharamulo, Geita na Sengerema, na zamani iliishia kwenye foleni ya kivuko Busisi, ambako magari yangeweza kusubiri kwa muda mrefu juani. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, na kuvuka ni suala la dakika chache. Kwa mtoto anayehitaji maji, kivuli na choo kila baada ya muda, foleni hiyo kuondoka si jambo dogo.

Halafu basi linapita Muleba mjini. Hapo ndipo wazo jipya lilipozaliwa: kama basi linapita Muleba, bibi apande hapo.

Bibi na Igoma

Bibi ana miaka 71 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Hajawahi kufika Mwanza, na sababu yake watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa mara mbili. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Mdogo wake alikuwa ndani. Familia haikupata mwili wa kurudisha Kamachumu.

Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma. Na Igoma iko kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Mwanza mjini kwenda Kisesa. Anayekwenda Bujora anapita hapo.

Mwanawe aliogopa kulisema jambo hilo. Alidhani litaharibu safari. Mkewe ndiye aliyelisema, kwa utaratibu, siku waliporudi Kamachumu na mpango mpya. Bibi alikaa kimya kwa muda. Kisha aliuliza kama makaburi yanaruhusu mtu kuingia, na kama ataruhusiwa kuacha maua.

"Meli sipandi, waitu. Lakini kwa basi nitakwenda," alisema. "Huyu mtoto atanishika mkono."

Wazazi wengi hufikiri mtoto asipelekwe penye huzuni wakati wa likizo. Kwa mtoto wa umri wa shule, kinachoumiza zaidi ni kuona watu wazima wananong'ona bila kuelezwa. Akielezwa mapema, kwa maneno machache na ya kweli, kwamba bibi alifiwa na mdogo wake na sasa anakwenda kumsalimia, anaweza kulibeba. Familia imepanga kusimama Igoma siku ya kurudi kutoka Bujora, mtoto akiwa ameshaona ngoma, wala si siku ya kwenda.

Si kila mtu alifurahi

Binti mkubwa hakuongea na wazazi kwa siku mbili. Alikuwa ameshawaambia rafiki zake kwamba anakwenda Zanzibar, na safari ya Kisesa haina bahari. Baba yake hakumkemea. Alimpa kalamu na karatasi, akamwambia apige hesabu za safari zote mbili mwenyewe: nauli, chakula, mahali pa kulala, saa za njiani.

Hesabu zilipokamilika, binti aliona kwamba safari ya Bujora kwa watu sita, bibi akiwamo, inabakiza fedha kidogo za kuanzia kibubu cha Zanzibar. Hakusema amefurahi. Aliomba kibubu hicho akitunze yeye.

Nao wazazi wana la kujifunza hapo. Mtoto mwenye afya anayeambiwa kila mara kwamba jambo fulani haliwezekani "kwa sababu ya mdogo wako" huanza kumwona mdogo wake kama mzigo. Mshirikishe katika uamuzi, mpe sehemu ya kuisimamia, na usimfanye mgonjwa kuwa sababu ya kila kunyimwa.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa nauli

Hata kama nyumbani kwako hakuna mwenye selimundu, kuna aliye dhaifu kuliko wengine: mtoto anayenyonya, mwenye pumu, mjamzito, mzee wa presha. Mpime tamasha kwake yeye.

*Ni saa ngapi njiani?* Ikizidi siku moja, panga kulala katikati. Msifike na kwenda uwanjani siku hiyo hiyo.

*Shughuli ni za mchana au za usiku?* Mtoto mdogo akikosa usingizi siku mbili, ya tatu hatazami ngoma, analia tu.

*Hospitali iko wapi?* Ijue kabla ya kuihitaji. Beba kadi ya kliniki na ya bima, na andika majina ya dawa pamoja na dozi.

*Kuna mlipuko wa ugonjwa njiani au mnakokwenda?* Kagera inalijua hili. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulishika watu tisa wilayani Bukoba na kuua sita, na Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hiyo Biharamulo. Yote ilidhibitiwa. Uliza kituo cha afya, sikiliza tangazo la Wizara ya Afya, na usifuate uvumi wa magrupu.

*Mtoto atafanya nini huko?* Kama jibu ni kukaa na kutazama mabega ya watu, tafuteni tamasha jingine.

Mfuko wa mtoto mwenye selimundu

Beba dawa zake za kila siku, kama foliki asidi na haidroksiurea kwa waliopewa, za siku zote za safari na nyongeza ya siku tatu. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Ongeza dawa ya maumivu mliyoelekezwa kliniki na kipimajoto.

Maji anywe kidogo kidogo njia nzima. Usimnyime kwa kuogopa kuomba basi lisimame; mwambie kondakta mapema, kabla hamjaondoka stendi. Avae nguo za kuvuliwa na kuongezwa, kwa sababu asubuhi ya Juni ni baridi na mchana wa Bujora ni jua.

Alale kwenye chandarua kila usiku. Malaria kwa mtoto huyu ni hatari zaidi. Asiogee ziwani wala kuchezea maji ya ufukweni, kwa kuwa konokono wa humo hueneza kichocho. Chakula kiwe cha moto, na matunda ayamenyewe mbele yenu.

Uwanjani, kaeni mbali na spika. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja asikie, kelele hizo zimezidi kwa masikio ya mtoto. Kwa wachezaji wa nyoka, atazame akiwa nyuma ya mzazi. Namba ya simu ya mzazi iandikwe ndani ya nguo yake, na mkubaliane mahali pa kukutania mkipotezana.

Mpeleke hospitali mara moja, bila kusubiri ngoma iishe, akiwa na homa, maumivu yasiyotulia kwa dawa, kifua kuuma au kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja. Kwa mtoto wa kiume, uume kusimama kwa muda mrefu na kwa maumivu pia ni dharura, na asione aibu kusema.

Wiki chache zilizobaki

Kashai, karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi. Mstari wa kwanza umeandikwa "maji". Wa pili, "dawa za mtoto". Wa tatu, "dawa za bibi". Mengine yanafuata: viatu, nauli, soksi, maua ya Igoma.

Kliniki ya mwisho kabla ya safari ni wiki moja kabla ya kuondoka. Daktari akisema hali haijatulia, wamekubaliana kwamba hakuna atakayekwenda, na fedha zitasubiri Desemba, Ijuka Omuka. Mtoto ameelezwa hilo pia, na amelikubali, ingawa kila jioni sasa anadai dawa zake kabla hajakumbushwa.

Anachouliza siku hizi ni kingine. Anataka kujua Bagika na Bagalu wanatofautishwaje, na kama mtu anaruhusiwa kuwashangilia wote wawili. Bibi yake, aliyecheza omutoro ujanani, amemwambia kwa simu kwamba hilo haliamuliwi Kashai. Wakifika Bujora watasimama pamoja, wasikilize ngoma ya kila upande, na miguu yake mwenyewe itamwambia aelekee wapi.